Dereva Aliyezijua Lifti kwa Majina Mawili

Alfayo Barasa aliajiriwa Riyadh mwaka wa 2016 kama dereva, na hilo ndilo lililoandikwa kwenye ikama yake, kibali cha kuishi na kufanya kazi Saudia. Kwamba alikuwa na diploma ya kompyuta kutoka chuo kimoja cha Kakamega, hakuna aliyeuliza. Ajenti wa Nairobi alikuwa na nafasi za madereva tu, naye Alfayo alikuwa amechoka kukaa Webuye akingoja simu za usaili zisizopigwa.

Kampuni iliyomchukua ilifunga na kukarabati lifti. Ofisi kuu ilikuwa Riyadh, tawi likiwa Jeddah, na kila baada ya wiki mbili Alfayo alipakia vipuri na maboksi ya michoro ya umeme, akala barabara karibu kilomita elfu moja. Katika miaka miwili alikuwa amefika kwenye kila jengo lenye lifti za kampuni. Alijua mlango wa nyuma uko wapi, mlinzi anaitwa nani, na lifti ipi ina tabia ya kukwama.

Mwezi wa Machi 2018 alifikisha vipuri kwenye jengo la ghorofa saba mtaani Al-Baghdadiyah, Jeddah, akamkuta Protus ameketi kwenye ngazi, shati limelowa jasho. Protus alikuwa Mkenya mwenzake, mtu wa Busia, msaidizi wa mafundi. Alimweleza kwamba walikuwa wameunga nyaya kwa kufuata mchoro wa karatasi waliopewa, kumbe ofisi ya Riyadh ilikuwa imeubadilisha mchoro huo wiki tatu nyuma. Sakiti ikaungua. Lifti ilikuwa imekufa siku ya nne sasa, na ghorofa ya sita alikaa bibi mmoja aliyepaswa kwenda kusafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki.

Asubuhi hiyo Alfayo na Protus walimkalisha bibi kwenye kiti na kumteremsha wenyewe, mmoja mbele, mmoja nyuma. Kila walipotua kupumua, bibi aliwaomba radhi, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Alfayo aliona aibu ambayo hakujua aipeleke wapi.

Njia nzima ya kurudi aliliwaza jambo hilo. Kampuni ilikuwa na mifumo miwili ya kompyuta. Mmoja ulihifadhi nyaraka zote: michoro, mikataba, vyeti vya ukaguzi, na kila mchoro ulipobadilishwa, ule mpya ulikaa juu ya ule wa zamani. Wa pili ulipanga kazi: fundi alifungua simu yake na kuona kadi ya kumwambia aende jengo gani, akafanye nini. Yote miwili ilikuwa mizuri, ila haikuwa ikisemezana. Mchoro mpya uliingia huku, na kadi kule haikupata habari. Katikati palikuwa na printa na gari, na dereva wa gari hilo alikuwa yeye.

Alipofika Riyadh alikwenda moja kwa moja kwa Mhandisi Hisham, Mmisri aliyesimamia shughuli zote za mafundi. Hisham alimsikiliza, kisha akamwambia kuwa wataalamu walikuwa wameitwa mwaka uliotangulia kuiunganisha mifumo hiyo, wakashindwa. Mfumo wa nyaraka uliitambua lifti kwa namba ya mkataba. Mfumo wa kazi uliitambua kwa jina la mitaani: jengo la duka la dawa, jengo la Umm Salem. Lifti zilikuwa mia mbili na kumi na nne, na hakuna aliyeweza kusema namba ipi ni ya jina lipi.

"Mimi naweza," Alfayo alisema.

Hisham alimtazama. "Wewe ni dereva."

"Ndiyo, mhandisi. Ndiyo sababu naweza."

Alipewa meza kando ya printa, asubuhi mbili kwa wiki. Aliandika orodha, namba upande huu, jina upande ule. Nyingi alizitoa kichwani. Zile zilizomshinda alizifuata, akapanda hadi vyumba vya mitambo juu ya mapaa na kusoma vibao vya chuma kwa tochi ya simu. Jengo moja la mtaa wa Manfuha, Riyadh, alilikuta limeshabomolewa, na bado lilikuwa na kadi ya ukaguzi wa kila mwezi. Wiki ya sita orodha ikakamilika.

Kuunganisha kwenyewe hakukuwa kazi kubwa tena; ile diploma ya Kakamega ilitosha. Mchoro ukiidhinishwa, kiungo chake kingejiweka kwenye kadi ya lifti ile ile, na fundi asingeweza kuendelea kabla ya kuufungua. Akimaliza, picha na fomu aliyotia sahihi zingerudi kwenye faili la lifti.

Asubuhi ya kwanza baada ya kuunganisha, mambo yaliharibika. Alfayo alikuwa amesahau kwamba michoro yote ya zamani nayo ilikuwa imeidhinishwa siku zake. Mfumo ukaihesabu yote kuwa mipya na kumwaga kadi zaidi ya elfu tatu. Simu za mafundi hazikunyamaza. Hisham alikuja akasimama mezani pake.

"Alfayo, halas. Zima."

Alizima, lakini hakuinuka. Aliomba apewe mpaka sala ya alasiri. Akauwekea mfumo tarehe ya kuanzia, akajaribu kwa lifti moja, kisha tano, kisha Jeddah yote. Adhana ilipoita, kadi zilikuwa zikifika moja moja, kila moja na mchoro wake.

Mwezi wa Juni Protus alimpigia simu kutoka Jeddah.

"Simu imenikatalia kuendelea mpaka nione mchoro mpya," alisema. "Kuna waya umehamishwa."

"Umeuona?"

"Nimeuona. Kwa ile karatasi ya zamani, leo ningechoma sakiti nyingine."

Maboksi ya michoro yakakoma, na safari za Jeddah zikapungua. Madereva wenzake walimwambia amejifukuzisha kazi kwa mikono yake. Kafili wa Alfayo, mwajiri aliyemdhamini nchini, alimwita, akamtaka amwonyeshe ule mfumo kwa lifti tatu alizozichagua mwenyewe, na baada ya miezi minne ya fomu ikama ya Alfayo ikabadilishwa, udereva ukaondoka, ikaandikwa karani wa nyaraka. Mkewe, Selipher, alipoambiwa kwa simu, aliuliza kama karani huyo bado anaendesha gari. Alfayo akacheka, akasema anaendesha.

Mwaka uliofuata kampuni ilipata lifti tisini za Dammam, nyingine zina majina matatu. Safari hii Hisham hakuita wataalamu. Alimuuliza Alfayo anahitaji nini, naye akaomba gari, tochi nzuri, na Protus.