Choki Zilizosuguliwa Pande Zote

Karakana nzima ilimwita mwanamke huyu Msasa. Hakuvumilia kitu chenye makwaruzo. Alikuwa na kiti cha mbao cha kukalia kazini, na wiki ya kwanza tu alikisugua mpaka wenzake wakamtania kwamba mtu akikikalia atateleza aangukie barabarani.

Kazi hiyo aliipata kwa mkono wa mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Mjomba alikuwa fundi wa kusuka koili. Karakana ilitengeneza choki, yaani waya mnene wa shaba uliozungushwa kwenye kiini cha chuma ili kutuliza umeme wa mashine za kuchomelea. Mjomba alisuka chumba cha mbele. Msasa alikaa chumba cha nyuma akikaza boliti, akipaka rangi nyeusi, akiandika namba na kufungasha.

Mwanzoni aliuliza kwa nini kiini kinapangwa kwa vibati vyembamba zaidi ya mia, wakati kipande kimoja cha chuma kingerahisisha kazi.

"Umeme huu ni wa kwenda na kurudi," mjomba alimjibu. "Ukipita kwenye koili, na chuma cha ndani nacho kinapata umeme wake. Unajizungusha humo humo bila kazi yoyote, unakula nguvu na kuzaa joto. Ndiyo maana tunakikata vibati, na kila kibati tunakivisha vanishi isiyopitisha umeme. Kila mmoja abaki chumbani kwake."

Msasa aliitikia, akaendelea na boliti zake.

Kilichomkera ni ukingo wa vile vibati. Kimoja kilichomoza unywele, kingine kiliingia ndani, na rangi ikipakwa juu yake ilitoka na mistari. Siku moja akachukua tupa, akasawazisha upande mmoja, kisha akaupitishia msasa. Bosi akapita.

"Hii sasa ndiyo kazi! Mteja anakula kwanza kwa macho. Fanya zote hivi, pande zote."

Akafanya zote, pande zote. Mjomba hakuziona, kwani zikitoka kwa Msasa zilikwishapigwa rangi na kuingia kwenye maboksi.

Baada ya miezi miwili choki zikaanza kurudi. Ilirudi moja, zikafuata nne, kisha rundo zima. Wateja walilalamika kwamba zinachemka mpaka rangi inavimba malengelenge, na moto wa kuchomelea unayumba. Bosi alipasua moja, akakuta waya umeungua ukawa kama makaa. Akaamua kwamba waya ndio mbovu. Haikuchukua siku mbili minong'ono ikaenea: kikulacho ki nguoni mwako, fundi anauza waya mzuri na kusukia wa bandia.

Bosi akawaita mjomba na Msasa ofisini.

"Wewe ni mpwa wake, na mnakaa nyumba moja," alimwambia Msasa. "Umewahi kumwona akitoka na waya wa hapa?"

Nyumbani kulikuwa na kipande cha waya wa shaba kilichoanikiwa nguo. Msasa hakuwahi kuuliza kilitoka wapi. Sasa kilimjia machoni.

"Sijui," akasema.

Mjomba akageuza shingo taratibu. "Hujui?"

"Sijui, Mjomba."

Mjomba alichukua koleo yake na bakuli lake la chakula, akatoka. Kesho yake alihamia kwa rafiki yake. Mama yake Msasa alikuwa na swali moja tu: "Umeulizwa habari za mtu aliyekulea, ukasema hujui?"

Akaletwa msukaji mpya, ukanunuliwa waya mpya. Choki zikazidi kurudi.

Hapo ndipo Msasa alipofungua daftari lake la namba. Karibu zote za miezi hiyo zilikuwa na alama ya kurudi, isipokuwa nane zilizofuatana. Akakumbuka: wiki ile mwanawe aliugua surua, naye hakuja kazini. Choki zilipigwa rangi na mtu mwingine, zikaondoka bila kusuguliwa.

Alichukua choki mbili mpya, akaisugua moja pande zote kama kawaida yake, nyingine akaiacha ilivyo. Akaziunganisha na umeme nusu saa, kisha akagusa. Isiyosuguliwa ilikuwa vuguvugu. Ile nyingine ilimfanya arudishe mkono kwa ukelele.

Akaisogeza dirishani, akaikagua kwa lenzi. Mistari kati ya kibati na kibati haikuonekana. Tupa ilikuwa imeburuta chuma, kikalala juu ya vanishi na kuunga kibati kwa kibati. Kwa mkono wake alikuwa amevirudisha vibati mia kuwa chuma kimoja.

Hakusubiri chai. Alimwita bosi, akamgusisha zote mbili.

"Kwa hiyo ni wewe?" bosi akauliza, akipuliza vidole.

"Ni mimi. Na wewe ndiye uliyesema nifanye zote."

"Nenda kamwite mjomba wako," bosi akasema.

Alimkuta mjomba kwa rafiki yake, anafua shati kwenye beseni. Alimweleza yote akiwa amesimama. Mjomba alisikiliza kama fundi, povu likimkaukia mikononi.

"Ulisugua pande zote?"

"Zote."

"Upande mmoja pengine ungesalimika. Umeme ule unataka njia ya kwenda na njia ya kurudi. Wewe ukaipa zote mbili." Nusura acheke. Kisha uso ukamshuka. "Tupa nimekusamehe, mwanangu. Hata mimi nilipoanza niliunguza vitu. Ila ile 'sijui' nikaiweke wapi?"



"Bosi anasema urudi, Mjomba."

"Mwambie nimesikia."

Hakurudi. Bosi alimpigia simu kuomba radhi, tena mbele ya wafanyakazi wote, naye akashukuru na kukata. Alipata kazi kwenye karakana ya pampu za maji, upande wa pili wa mji. Choki ziliacha kurudi, na msukaji mpya akasifiwa.

Jumapili mjomba huja kumjulia hali dada yake. Zamani angeingia akimzomea Msasa kwamba chai yake haina tofauti na maji ya kuoshea vikombe, naye angemjibu, nyumba ikacheka. Siku hizi anaipokea kwa mikono miwili. "Ahsante sana, mama," anamwambia Msasa, anainywa yote, anashukuru tena. Kila anaposhukuru, Msasa huinuka akaenda jikoni, akasimama huko bila kazi.