Michembe Iliyomkwama Mama

Jumapili, saa nane mchana. Nasema yote, hata pale nilipokosa adabu.

Mwezi uliopita Mama alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Bado anakula vya kupondwa tu.

Leo Bibi amekuja kutoka Kimali na michembe, viazi vyake vya kukausha. Kwetu mkwe hakatai chakula cha mama mkwe. Mama akameza kipande.

Kikakwama. Akashika kifua, mate yakimtoka.

Bibi akaleta maji. Nikampokonya kikombe!

"Bibi, hapana! Daktari alikataza maji chakula kikikwama!"



Mama akainama, akakitema, akapumua.

"Mayu, mbona hukusema?" Bibi akamuuliza Mama; kwetu mayu ni mama.

"Niliogopa utasema naringa."

Sasa Bibi anatwanga michembe apike uji.

Mliowahi kuuguza mgonjwa kama huyu, uji huo utapita? Nijibuni upesi, moto umeshawashwa.