Karatasi Kumi Ambazo Sikuzichora

Bado naikumbuka asubuhi niliyorudi mwaloni Katoro, tasnifu yangu kwapani, jalada gumu la bluu. Ningekuita mwanangu, ila umri wangu haujafika. Basi nisikilize, mdogo wangu, wewe unayejiandaa kuandika tasnifu yako, maana nalisema hili kwa haya.

Pale mwaloni wanawake huosha mchanga wa mawe yaliyosagwa, wakitafuta dhahabu. Nilikuwa nimefanya utafiti juu yao. Mmoja wao, Mama Kulwa, aliacha kazi siku nzima kwa ajili yangu. Alinionyesha mikono inayotetemeka baada ya miaka ya kushika zebaki ya kunasia dhahabu, akanieleza jambo ambalo hata mumewe hakulijua: kijiko kinamshinda, hula wengine wakishaondoka. "Liandike," alisema, "wasichana wanaokuja wajue." Nikamwahidi.

Kabla sijaanza kuandika, msimamizi wangu chuoni alinishauri nichukue karatasi kumi. Katika kila moja nichore kwa penseli kile msomaji atakachokiona katika sehemu moja ya tasnifu: nani yupo, anafanya nini, tunaelekea wapi. Kisha nizibandike ukutani, nizipange na kuzipangua mpaka zisimulie jambo moja.

"Mwalimu, hiyo si kazi ya chekechea?" nikamwuliza. "Kuna ushahidi gani kwamba inasaidia?"

"Chora kwanza. Ubishi utaukuta palepale."

Sikuchora. Nilikuwa mtu wa kuhoji kila kitu, isipokuwa mimi mwenyewe. Niliandika nadharia juu ya nadharia, na maneno yalipozidi kikomo nikakata huku na kule kwa haraka. Nikafaulu vizuri tu.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia Mama Kulwa siku ile niliyorudi, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, baba. Kumbe umerudi! Wenzako wakishapata wanachotaka, tunaonana mbinguni." Wanawake wakacheka. Akafuta mikono kwenye khanga. "Haya, nisomee pangu."

Nikapekua mbele, nikapekua nyuma. Wataalamu walijaa kila ukurasa. Juu ya zebaki nilikuta sentensi moja, nikaisoma: "Baadhi ya washiriki walieleza changamoto za kiafya."

"Endelea," akasema.

"Imeishia hapo, mayu."

Hakunigombeza. Aliinamia karai lake, akasema taratibu, "Ningejua, ningebaki na siri yangu."

Kazi ilikwishapokelewa chuoni. Sikuwa na la kurekebisha.

Mdogo wangu, katika kurasa mia ni vigumu kuona nani hayupo. Katika karatasi kumi ukutani, ningegundua kuwa Mama Kulwa hayupo kabla chai haijapoa. Basi chora kabla hujaandika, hata kama watu wako watafanana na vijiti. Anza na uliowaahidi, ndipo uwatafutie wataalamu nafasi. Halafu wapelekee michoro yenyewe, ingali ya penseli. Asiyejua kusoma naye atakuonyesha kwa kidole pale ulipomwacha.

Mungu akubariki, akupe msimamizi mvumilivu kama wangu, na akuepushe na kusoma sentensi kama ile mbele ya mtu kama yule.