Sahani ya Visheti

Aliyeanza ni mume wangu. Binti yetu alipopata nafasi ya chuo Uingereza, katika mji mmoja wa kale wenye kanisa kuu, baba yake alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani, akasema, "Bibi yako akiridhika, mie sina neno." Kisha akachukua funguo za gari akaenda kwa kinyozi Khuwair, hapa hapa Maskati, kunyoa ndevu alizokwisha kuzinyoa jana yake.

Mimi nami sikutaka kusema ndiyo, na ubavu wa kusema hapana sikuwa nao. Nikashika maneno ya baba yake: radhi iko kwa bibi. Nilikuwa namjua mama yangu. Mtoto wa nyumba yetu akichelewa kurudi nyumbani kwetu Azaiba hata kidogo, yeye hukaa macho na tasbihi mkononi. Niliamini atakataa kwa niaba yangu, nami nitabaki mama mwema.

"Siukatai mji nsiouona," mama akasema. Basi likizo ya joto tukafunga safari watatu: mama, binti na mimi. Tukafikia kwa jamaa zetu London, na asubuhi moja tukapanda treni.

Kwenye treni sikutulia. Nilikaa, nikasimama, nikakagua tiketi nilizozikagua kituoni. Binti alitazama ng'ombe dirishani na kutabasamu peke yake, na tabasamu lile likaniudhi. Mama alikuwa amepakata sahani ya maua ya buluu, imejaa visheti, imefungwa kwa kanga. Ilitoka Maskati kwenye mkoba wake wa mkononi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Nilijua ya nini. Kwetu ukihamia mahali unapeleka sahani kwa jirani, na sahani hairudishwi tupu. Ikirudi na tende, ndimu, hata sukari kidogo, umepata jirani. Mama amewapima hivyo watu wa mtaa wetu wote, na wa kupeleka sahani siku zote alikuwa binti yangu, tangu alipokuwa akishindwa kufikia kengele ya mlango.

Chumba alichotaka kupanga kilikuwa katika nyumba ya matofali mekundu, karibu na kanisa. Tulikiona: kitanda, meza, dirisha dogo. Mama alibonyeza godoro. Tulipotoka akampa binti sahani, akamwonyesha nyumba ya pili. Alifungua mzee mmoja wa Kiingereza na mbwa wake. Mama akarudi nyuma mpaka ukutani, akikusanya buibui lake. Yule mzee alipokea sahani kwa mikono miwili, akashukuru mno, akafunga mlango.

"Tumpe nafasi," mama akasema. Tukaenda kutazama kanisa.

Ndani, sakafu ilikuwa na makaburi. Majina yamechongwa kwenye mawe na watu wanapita juu yake na viatu.

"Wanawakanyaga maiti wao?" mama akaninong'oneza.

Hakukubali kulikanyaga hata moja. Akawa anazunguka kila jiwe, magoti yake yale mabovu, mkono begani kwa binti, na sisi nyuma yake tukipinda huku na huku mpaka watalii wakatupisha. Mwingine angeona haya. Mimi nilifurahi. Nilijisemea, mwanamke huyu hawezi kumwacha mjukuu wake hapa, leo tunarudi na hapana yetu. Nikaanza kuwahimiza watoke. Tulisali adhuhuri kwenye majani nje, na hata sala yangu, Mungu anisamehe, niliiendesha mbio.

Tulirudi kwenye nyumba ya kile chumba. Sahani ilikuwa mlangoni pake, juu ya kizingiti. Imeoshwa, imekaushwa, inang'aa. Tupu.

"Umeona, mama?" nikasema, na furaha iliyokuwa kwenye sauti yangu niliisikia mwenyewe.

Mama aliinama akaiokota. "Kaiosha vizuri, masikini. Kwao ndo adabu hiyo."

"Lakini tupu!"

"Nnaona. Sijawa kipofu." Akaifunga kwenye kanga taratibu. "Baba yake kanitupia mie neno hili. Wewe nawe ukanitupia mie. Mie nami nkamtupia mzungu wa watu, na sahani juu. Sasa tumtupie nani, mwanangu? Yule mbwa?"

Binti alikuwa amesimama kwenye geti, ametugeuzia mgongo, anajifanya hasikii. Nikamwita.

"Labeka, mama."

Aliitika vile vile anavyoitika tangu mdogo, na nilipomwona uso niliona kwamba siku nzima naye hakuwa ametulia. Nilikuwa nimeshughulika na moyo wangu tu. Nilitaka kumwambia habari ya baridi, habari ya chakula, habari ya watu. Nikamwambia, "Nenda. Nimekupa radhi." Nikalia pale njiani, na yule mzee akachungulia dirishani.

Mama akampa binti ile sahani. Hakumwambia la kufanya nayo.

Sasa yuko huko, na Azaiba sina wa kumtuma. Ijumaa iliyopita jirani alituletea biriani, nikatia sambusa kwenye sahani yake, nikavaa buibui nikaipeleka mwenyewe. Alifungua mlango akatazama nyuma yangu, akimtafuta anayemjua.

"Yuko Uingereza, anasoma," nikasema.

"Peke yake? Masikini! Nani kamwachia aende?"

Jina la baba yake lilinijia mdomoni, na la bibi yake pia. Nikampa sahani.

"Mimi," nikasema.