Pasi za Besiboli Katika Nyumba ya Champlin

Nyumba ya shangazi yangu ilikuwa Champlin, kitongoji cha Minneapolis, karibu na mto, mahali ambapo njia ya waendao kwa miguu inaanza vizuri mbele ya kanisa halafu inaishia kwenye nyasi, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Basi la abiria halikufika huko. Wiki ya kwanza nilijaribu kutembea hadi dukani, magari mawili yakasimama kuniuliza kama gari langu limeharibika. La tatu lilikuwa la polisi. Kijana mpole sana, akanirudisha hadi mlangoni na kunitakia siku njema. Baada ya hapo nikaacha kutembea.

Shangazi ni dada ya baba yangu. Alinileta Amerika nikiwa na kidato cha nne nilichokipita kwa kuburuzwa, nimsaidie kulea watoto wake wawili. Mumewe aliendesha lori la masafa marefu, akija nyumbani ni kama mgeni. Shangazi mwenyewe alifanya kazi usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, mchana akalala. Kwa hiyo maisha yangu yalikuwa kuwanyamazisha watoto mama asiamke. Nilijifunza hata kukaanga vitunguu kwa adabu. Chumba changu kilikuwa chini ya ardhi, na dirisha lake dogo lilikuwa usawa wa nyasi. Theluji ikishaanza, lilizibwa mpaka nikawa siwezi kujua kama kumekucha.

Kulalamika sikuweza. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na mimi ndiye niliyelipata, kwa hiyo nina jina la baba yake shangazi. Ameniita "baba" tangu nanyonya. "Baba, umekula?" "Baba, hebu nifungulie hiki kifuniko." Babu alikufa shangazi akiwa ameshafika Amerika, hakuweza kwenda kumzika. Siku aliyonipokea uwanja wa ndege alinishika mikono yote miwili, akaniangalia, akasema, "Umekuja." Nikajua hapo hapo kwamba siku ya kuondoka itakuwa ngumu. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba baba yake anataka kuhama tena?

Lakini nilitaka kuhama. Niseme ukweli, niliota hilo kila siku, nikiosha vyombo, nikiwafunga watoto kamba za viatu. Vijana wa kwetu walikuwa wakiishi mtaa wa Cedar-Riverside, Minneapolis mjini, kwenye yale maghorofa marefu, watu wanne chumba kimoja, wanapiga simu Jumapili wakicheka. "Bado uko shambani?" waliniuliza. "Kuku wanataga?"

Pasi zilianza kiangazi kile wachezaji wa besiboli walipogoma na msimu ukafia njiani. Jirani yetu wa kushoto, mzee mjane wa Kizungu, alikosa cha kutazama kwenye televisheni, akafungua gereji yake na kuanza kutoa masanduku. Nilikuwa napita na mtoto kwenye kigari. Akaniita, akaninyooshea kadi ya rangi ya maziwa iliyozeeka ikawa ya chai.

"Unajua hii ni nini?"

"Kitambulisho," nilisema.

"Hukukosea sana. Hii ni pasi ya msimu. Ukiwa nayo unaingia uwanjani mechi zote, mwaka mzima, hulipi na huulizwi."

"Huulizwi kabisa?"

"Unamwonyesha bawabu, bawabu anagusa kofia, unapita." Akagusa kofia yake mwenyewe kunionyesha. "Bawabu nilikuwa mimi."

Enzi za ujana wake kila mji ulikuwa na timu na uwanja wake, Minneapolis upande huu wa mto na Saint Paul upande ule. Sikukuu zilipofika timu hizo zilicheza asubuhi mji mmoja na alasiri mji wa pili, na watu wakavuka na tramu kuzifuata. Viwanja vyote viwili vilishabomolewa. Kimoja kikawa benki, kingine kikawa duka la mboga. Zilizobaki ni pasi, na mzee alikuwa akizikusanya tangu uwanja wake ulipovunjwa: za ngozi zenye maandishi ya dhahabu, za bati jembamba la kuning'inizwa kwenye mnyororo wa saa, za kadi zenye jina la mwenyewe kwa wino na sahihi ya mkubwa wa timu. Nyuma ya kadi kuliandikwa kwamba asipewe mtu mwingine. Akionekana nayo asiye mwenyewe, bawabu aichukue.

"Uliwahi kuichukua ya mtu?"

"Mara moja. Mchungaji alimpa shemeji yake." Akafikiri. "Nilimrudishia mechi ya pili. Shemeji alikuwa analia."

Sijui niseme vipi jinsi kile kitu kilivyoniingia. Mimi niliyehitaji kuomba lifti kwenda kununua wembe, nimeshika kadi ambayo mwenyewe alifika mlangoni akapita tu. Nikawa kila alasiri, watoto wakicheza kwenye nyasi zake, nakaa naye gerejini tunapanga. Alinifundisha kuosha mikono na kuikausha kabisa. Kushika kingo tu. Usiweke gundi, usinyooshe kona iliyokunjika, usifute uchafu, maana uchafu nao ni wa miaka ile. Kila pasi iingie kwenye mfuko wake laini ambamo unaweza kuitoa tena. "Siku ukishindwa kuitoa, umeiua," alisema. Kwa chakula cha Krismasi nilichompelekea akanipa ya kwangu ya kwanza, halafu nyingine, na kabla baridi haijaisha nilikuwa na bahasha nzima. Niliyoipenda kupita zote ilikuwa ya daktari fulani wa Saint Paul, ya kabla ya vita vile vya kwanza, mwandiko wake umelala upande kama nyasi kwenye upepo.

Ni mzee aliyeniambia habari za duka. Rafiki yake alikuwa na duka la vitu vya michezo vya zamani Saint Paul, macho yanaanza kumchoka, anatafuta kijana wa kupanga, kuandika vikaratasi vya maelezo na kuhudumia wateja. Juu ya duka kulikuwa na chumba. Mbele ya duka basi lilisimama. Niliposikia basi, masikio yangu hayakusikia kingine.

"Nitakupeleka Jumamosi," mzee alisema. "Beba ile ya daktari. Nimeshamwambia namna unavyozitunza. Anataka kuiona kwa macho yake."

Nilimwambia shangazi Alhamisi, anakunywa chai kabla ya kwenda kazini. Nilikuwa nimepanga maneno, yakatoka yote kwa pamoja. Akaweka kikombe chini.

"Saint Paul ni mbali, baba."

"Si mbali. Nitakuwa nakuja Jumapili."

"Utaletwa na nani?"

Hilo sikuwa nimelipanga. Shangazi akachezea mfuko wa majani ya chai kwa kijiko. Halafu akaniuliza watu huvaa nini siku hizi kwenye mahojiano, kama bado ni tai. Nikamwambia wanataka kuona pasi tu. "Basi hicho ndicho cheti chako," akasema, akainuka kuvaa sare.

Ijumaa asubuhi alirudi kutoka kazini amechangamka kuliko kawaida ya mtu aliyekesha. Akaniita jikoni, akafungua mkoba, akatoa kitu kilichofungwa kwenye taulo la karatasi.

Sisi kwetu karatasi ya maana haiachwi uchi. Cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, cha shule, vyote hupelekwa mjini vikapigwa laminesheni, vikawekwa kwenye sanduku chini ya kitanda cha mama, na mgeni akija vinatolewa vinang'aa. Kazini kwake kulikuwa na mashine ya namna hiyo, ya kutengenezea mabango ya siku za kuzaliwa za wazee. Alikuwa ameichukua pasi ya daktari kwenye bahasha yangu nilipokuwa nawalaza watoto, akaenda nayo, na wakati wa mapumziko akaipitisha kwenye moto na plastiki.

"Ile kona iliyokuwa imekunjika, ona, nimeinyoosha kwanza," alisema. "Hata chai ikimwagika sasa, haina neno. Huwezi kwenda kwa watu na cheti kimechakaa, baba."

Ilikuwa inang'aa kama sahani. Wino wa daktari ulikuwa umevimba kidogo kwenye herufi za mwisho, plastiki imenata kila mahali, na ndani yake kulikuwa na kapovu kadogo ka hewa. Niliigeuza pasi kwenye mwanga. Yeye alikuwa anangoja, na viatu vya kazi bado miguuni.

"Asante, shangazi," nilisema. "Imependeza."

Mpaka leo sijawahi kufikiri alifanya makusudi kunizuia. Alitaka nibaki, na bado akatumia dakika zake za kula kunitengenezea cheti cha kuondokea.

Jumamosi, garini, sikumwambia mzee habari ya plastiki. Nilijiambia labda mwenye duka hatajali. Mwenye duka alikuwa mtu mnene mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Duka lilinukia ngozi na karatasi za zamani, ningeweza kulala pale sakafuni. Kupitia dirishani niliona basi likisimama, mama mmoja akashuka na mifuko yake, akaenda zake. Nikatoa pasi.

Hakuigusa. Alibadilisha miwani, akainama.

"Mpumbavu gani amefanya hivi?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi na la kweli, na najua kwa hakika kwamba lingenipa kile chumba. Lakini neno mpumbavu lilikuwa limeshasemwa, liko pale juu ya meza, linangoja mtu wa kulivaa. Nikamwona shangazi akinyoosha ile kona kwa ukucha wake. Na mzee alikuwa kando yangu, yeye ambaye humpungia shangazi mkono kila asubuhi akitoka kazini.

"Mimi," nilisema.

"Wewe?" alisema mzee.

"Nilitaka iwe safi."

Mwenye duka alishusha pumzi. Alinieleza kwa upole, na upole wake ulinichoma zaidi. "Asiyejua ningemfundisha. Lakini wewe umefundishwa tangu kiangazi, huyu ameniapia. Nitakuachaje peke yako na vitu vya watu?" Akanishika bega, akatukaribisha kahawa. Tuliinywa tumesimama.

Kurudi, mzee aliendesha polepole na hakuwasha redio. Tulipovuka mto nilidhani atasema kitu, akaniomba nifunge dirisha vizuri. Kwenye taa nyekundu karibu na nyumbani ndipo aliponiuliza, akiangalia mbele, "Kona moja ilikuwa imekunjika, sivyo? Ya juu kulia."

"Ndiyo."

"Mimi ndiye niliyeikunja. Mwaka nilioipata. Wewe usingeinyoosha." Taa ikawa kijani. Aliponishusha alisema Jumanne atakuwa gerejini.

Shangazi hakuwa amelala. Alikuwa dirishani na kanga mabegani, watoto wanakula nafaka na maziwa mezani saa ambayo si ya kifungua kinywa.

"Walisemaje, baba?"

"Nafasi imeshapata mtu."

"Pasi waliiona?"

"Waliiona."

"Si ilikuwa safi?"

"Ilikuwa safi sana, shangazi."

Akageuka haraka kuosha kikombe ambacho hakikuwa kichafu. Alikuwa anaona huruma na alikuwa anafurahi, na hakutaka nione hicho cha pili. Nilikiona. Nilikaa, nikavuta kiti, na jambo ambalo sikuwa nimelipanga hata kidogo likanitoka.

"Nifundishe gari."

"Gari?"

"Ndiyo. Lako. Nikiweza kuendesha, nitakwenda na nitarudi. Nitakuwa narudi, shangazi."

Maji yaliendelea kumwagika. Mtoto mkubwa alimwambia mdogo wake kitu kwa Kiingereza, wakacheka. Shangazi alifunga bomba, akajifuta mikono kwenye kanga, pole pole, kidole kwa kidole.

"Theluji ikiisha," alisema.

Nje ilikuwa imeanza tena, ile nyepesi isiyo na haraka. Nikasema sawa, nikamwambia akalale, atachelewa kazini. Kisha nikawatafutia watoto glovu zao, maana walikuwa wameshaona theluji na walitaka kutoka.