Kilatini Ndani ya Beseni

Moshi wa korosho za kuchoma una ukali wake: unawasha macho, unakereketa koo. Kila ukinifikia hapa sokoni Ruangwa, ndugu msomaji, nakikumbuka Kilatini, na moyo unaniishia.

Nilikuwa kidato cha kwanza katika seminari moja upande wa Nachingwea. Nilifeli Kilatini, nikaja likizo na sharti moja: shule ikifunguliwa nirudie mtihani, nikifeli tena nifungashe. Kilichonishinda ni vihusishi. Vipo vinavyotaka nomino ivae umbo liitwalo akusativu, kama ad na ante. Vipo vya umbo jingine, ablativu, kama cum na ex. Kwangu vyote vilikuwa pacha. Na kijijini kwetu Nanganga, baba, katekista, alishawazoesha watu kuniita Padre.

Likizo iliangukia msimu wa korosho. Nikaandika kihusishi kwa mkaa juu ya kila korosho, za akusativu kikapu hiki, za ablativu kile. Nilishinda uani nikizichanganya na kuzitenga upya, nikaanza kuziweza kidogo.

Siku moja bibi mzaa mama, Mwislamu wa swala tano asiyejua kusoma, alivikuta vikapu mimi sipo. Kwetu korosho hupimwa majini: mbovu inaelea, nzima inazama. Akazimwaga zote kwenye beseni. Nilirudi nikakuta maji meusi.

"Zote nzima, mume wangu," alisema. "Sasa ulizitengea nini?"

Nililia, nikacheka. Utani wa bibi huo. Padre na mke wapi na wapi? Niliandika upya, lakini kichwani zilikuwa zimeshachanganyika.

Mtihani niliufanya, nikafeli. Basi liliponishusha Nanganga na sanduku langu la bati, baba alilitwaa akajitwika, akashika njia ya nyuma, katikati ya mikorosho, mzunguko mrefu kuliko barabara. Nilimfuata nikiamini ananionea aibu. Bibi peke yake alinipokea kwa furaha: "Mume wangu karudi."

Baba hakuniita Padre tena mpaka anakufa.

Juzi nilimpokea binti yangu stendi, naye kafeli. Nikajikuta namkwepesha kijiwe cha kahawa, nampitisha uchochoroni ili asikutane na wa kumuuliza matokeo. Hapo ndipo nikaielewa ile njia ya mikorosho. Wa kumwambia hayupo.