Mugongo wa Blogu

Juzi, katika duka la kompyuta hapa Kasongo, nilikuwa nangoja fotokopi. Mbele yangu mama mmoja, muuza vitenge, alikuwa anachagua sura ya blogu yake mpya. Anataka kuandika habari za bariere, vile vizuizi vya njia ya Salamabila: wapi watu wanasimamishwa na kutozwa pesa, na nani anawasimamisha.

"Hii iko muzuri, mama," fundi akamwambia. "Picha yako inakaa kwa kona, kidogo tu."

Mama akazungusha kiganja hewani, kama anavyokagua kitenge kabla ya kukinunua, aone kama rangi imefika pande zote mbili. "Geuza, nione mugongo."

Tulicheka. "Mama, blogu haina mugongo!"

"Onyesha vile itakuwa mu simu. Huku kwetu nani iko na kompyuta?"

Fundi akaifungua kwenye simu yake. Picha ikajaa kioo kizima, kilemba mpaka kidevu, na maandishi yakasukumwa chini. Kicheko kikakatika.

"Pa bariere, wakifungua simu ya mutu, wataona mimi kwanza, mbele ya kusoma," mama akasema polepole. "Toa sura yangu."

"Lakini mama, habari bila sura, nani ataiamini?" fundi akauliza.

Mama akaufunika uso wake kwenye kioo kwa kiganja. "Wenye kupita ile njia wataamini."

Mimi nimeiringia sana picha yangu iliyo juu ya safu hii ninayoandika gazetini. Kesho napanda pikipiki kwenda Salamabila, na gazeti lenye picha hiyo limeshatangulia.